Hatua Mia Sita za Mchangani

Lindi,
4 Septemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Najua hukuitarajia barua hii. Siku nilipoolewa ulimwagiza mume wetu aniambie kwamba sauti yangu hutaki kuisikia simuni, na kwa miaka minne sijakupigia. Lakini kuhusu maandishi hukusema kitu, nami nimeona nijaribu.

Ahmadi atakuwa amekwishakuambia. Amechoka na basi la kila wiki, wiki kwako Kivinje, wiki kwangu Lindi, na mgongo wake haumruhusu tena. Anataka wake zake tuwe mji mmoja. Nimekubali kwa sharti moja: nyumba nitanunua mwenyewe, kwa fedha ya shamba la korosho aliloniachia marehemu baba kule Likawage. Ndiyo yote niliyo nayo. Nikikosea nyumba hii sina nyingine.

Ahmadi anasema ziko nyumba mbili zinauzwa, ya Mzee Qutbuddin mwenye duka na ya Shamte ng'ambo ya mkondo. Yeye kila nyumba anaiona nzuri, mradi ina kivuli. Nakuuliza wewe uliyezaliwa hapo na unayejua kila kichochoro. Tangu nilipoanguka na bodaboda mguu wangu wa kulia una chuma, na pikipiki sipandi tena hata nikiahidiwa pepo. Kila nitakakokwenda ni kwa miguu: sokoni, zahanati, kwenye darsa. Na wateja wangu wa kushona nao waweze kunifikia. Nyumba ikiwa nzuri lakini haitembeleki, kwangu mimi hiyo ni picha tu.

Niambie nije lini kuzitazama. Bahasha nimeishona kwa uzi, Ahmadi asije akaingiwa na hamu.

Mdogo wako,
Warda


Kilwa Kivinje,
9 Septemba 2024

Warda,

Marahaba. Uzi wako nimeukata kwa mkasi. Ungejisumbulia nini? Ahmadi hasomi bila miwani, na miwani yake inakaa kwangu miaka yote.

Njoo Alhamisi hii, tarehe kumi na mbili. Si Jumanne wala si wiki ijayo. Alhamisi nyumba zote mbili zitakuwa wazi. Anza na ya Shamte, ni mpya, ina bati jekundu na tangi la maji, na upepo wa kutosha. Ya Mzee Qutbuddin iko nyuma ya duka lake, ni ya zamani. Anaiuza kwa sababu anamfuata mwanawe Juzer Dar es Salaam.

Hatutaonana. Siku hiyo nina arusi Miteja. Basi la jioni litakurudisha kwenu.

Mwahija


Lindi,
16 Septemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Nimerudi salama, na mguu umevimba kidogo tu.

Nilikwenda na tasbihi yangu mkononi. Kila hatua kumi nilivuta punje moja, maana macho humdanganya mnunuzi, miguu haimdanganyi. Ahmadi alicheka akaniuliza namdhukuru nani, Mungu au Shamte.

Kutoka nyumba ya Shamte hadi sokoni, kwa ile njia ya mchangani inayokatisha mkondo, nimepata punje sitini. Hatua mia sita. Mchanga ulikuwa mkavu na mgumu, mguu wangu haukulalamika. Kwa barabara kuu ya kuzunguka sikuhesabu. Ahmadi anasema mtu mzima wa miguu huchukua saa nzima. Nyumba yenyewe, dada, inapendeza. Nikisimama barazani sioni paa la mtu.

Ya Mzee Qutbuddin ni kinyume chake. Punje kumi na tano hadi sokoni, tisa hadi msikitini, ishirini na tatu hadi zahanati. Wateja wangenifikia na kanga zao za nyumbani. Lakini ua ni mdogo, sakafu imepasuka, na mbele kunakaa wanywa kahawa toka asubuhi.

Moyo unanivuta ng'ambo, akili inaniambia nibaki sokoni. Sisi wa Likawage njia zetu mvua ikinyesha huwa tope, kesho ziko palepale. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja, na unijibu kama unavyomjibu ndugu: njia ile ya mchangani iko hivyo siku zote?

Warda


Kilwa Kivinje,
20 Septemba 2024

Warda,

Marahaba. Njia ile nimeipita tangu ninasuka nywele mbili. Watoto wa ng'ambo huipita kwenda madrasa, na wauza dagaa huipita na ndoo vichwani. Sijasikia mtu aliyepotea humo.

Ya Mzee Qutbuddin nisingemshauri hata adui. Mtaro wa nyuma unanuka wakati wa joto. Vipaza sauti vya msikiti viko juu ya paa, utashona huku umeziba masikio. Na hao wanywa kahawa watajua umenunua samaki gani kabla hujamkwangua.

Nunua ya Shamte. Mwenye mguu mbovu anahitaji upepo na utulivu.

Mwahija


Kilwa Kivinje,
20 Septemba 2024

Hamida ndugu yangu,

Natumai huko Kiswere mnaendelea vizuri. Barua hii naituma kwa gari la samaki. Ukiisoma ichome jikoni.

Nimefanya jambo. Unaijua njia ya mchangani ya kwenda ng'ambo. Unajua bamvua likija, kila mwezi ukiandama na kila ukijaa, bahari inaipanda njia ile kuanzia saa tisa mchana na haiiachi mpaka baada ya magharibi. Huyu mwenzangu kaniuliza kama njia iko vile siku zote, nami nimemjibu kwa mafumbo. Siku ya kuja kuitazama nilimchagulia mwenyewe. Nilitazama mwezi, nikahesabu, nikamwambia Alhamisi, katikati ya maji mafu, siku ambayo hata maji yakijaa hayalowanishi njia. Mtu wa bara atajuaje?

Usinihukumu kabla hujasikia. Nyumba ya Mzee Qutbuddin iko kati ya msikiti na mlango wangu. Ahmadi angepita pale mara tano kwa siku, na kila mara angesimama. Hamida, mimi nina miaka ishirini na sita na mwanamume huyu. Namjua kwa mlio wa makubadhi yake. Nisikie mlio ule unakatika mlangoni kwa mwingine, kisha nisikie cherehani inanyamaza? Siwezi. Nina wivu, nasema wazi, wivu unanila. Na yeye atakuwa na nyumba yenye jina lake, wakati mimi nakaa katika nyumba ya mama mkwe.

Bora maji yawe kati yetu.

Dada yako,
Mwahija


Kiswere,
27 Septemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Barua nimeichoma. Mguu wa yule mwanamke hukuutaja hata mara moja, na mimi ndio niliouwaza usiku kucha.

Umwambie kabla hajalipa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nawe unajua bahari haina zamu.

Hamida


Ng'ambo ya mkondo, Kivinje,
5 Novemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Sasa tuko mji mmoja na bado tunaandikiana. Sina neno, nimezoea.

Nimehamia tarehe ishirini na sita mwezi uliopita. Wiki ya kwanza nilikwenda sokoni na kurudi kama mtu anayetoka chumba hadi chumba. Nikasema alhamdulillahi, nimepata nyumba.

Jumapili nilikwenda saa nane kununua samaki na kupeleka gauni la bibi arusi. Saa tisa u nusu narudi, sikuikuta njia. Ilikuwa bahari, imetulia kabisa, kana kwamba haijawahi kuwa kitu kingine. Nikaingia mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni, nikaona chuma cha mguuni kinanivuta, nikarudi nyuma. Nilizunguka kwa barabara kuu. Kwa mtu mzima saa moja, kwangu mimi saa mbili na zaidi. Samaki waliharibika njiani nikawatupa.

Ahmadi alikuja. Najua ilikuwa zamu yako. Sikumwita, waliomwambia ni watu wa sokoni. Alinikanda mguu kwa mafuta ya nazi mpaka nikalala.

Nakuuliza bila ugomvi: ulisahau kuniambia?

Warda


Kilwa Kivinje,
8 Novemba 2024

Warda,

Marahaba. Pole kwa mguu. Mtu akiishi na bahari hayakumbuki maji, kama wewe usivyokumbuka vumbi la kwenu.

Ila nami nikuambie. Jumapili nilipika wali wa nazi na kamba. Aliacha sahani ikiwa imeliwa nusu, akatoka bila kunawa. Nimeifunika mpaka asubuhi. Zamu ni siku mbili kwako, siku mbili kwangu, tulikubaliana mbele ya shehe. Mgonjwa ana haki yake, sawa. Lakini mguu mmoja usije ukawa ugonjwa wa kila wiki.

Mwahija


Kilwa Kivinje,
19 Novemba 2024

Warda,

Sijangoja shikamoo yako, nina hasira.

Bamvua limekuja tena, na zamu ikaniangukia Alhamisi na Ijumaa. Siku zote mbili Ahmadi kanitoka baada ya adhuhuri, anasema anakwenda kukujulia hali dakika tano. Siku zote mbili kafungiwa na maji huko kwako. Karudi baada ya isha, ameshiba, ananukia bizari ya kwako. Namwekea chakula ananiambia, "Mama, nimekula kidogo kule, nisingekaa na njaa nikitazama maji." Kidogo! Mkanda wenyewe kaulegeza.

Mume wangu anakula kwako siku zangu, nami nakula peke yangu na paka. Ungekuwa sokoni angepita, angesalimu, angerudi nyumbani. Sasa akivuka tu, bahari inamfungia mlango kwa ajili yako. Unamwita saa nane kwa makusudi, usinidanganye.

Mwahija


Ng'ambo ya mkondo,
21 Novemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo hata hivyo.

Maji sikuyaleta mimi. Nyumba hii uliniambia wewe ninunue, barua ninayo, iko ndani ya droo ya cherehani. Mwanamume akija kunijulia hali nimfukuze? Akikaa na njaa nimtazame?

Wewe unalalamikia sahani. Mimi tangu bamvua lianze nimepoteza wateja watatu. Bibi arusi mmoja alikuja kujipima, akakuta maji, akarudi na kitambaa chake kwa fundi mwingine. Wengine hata kuanza safari hawaanzi, wananiuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Siku maji yakiwa mafu nina soko, nina darsa, nina watu. Bamvua likija nina Ahmadi tu, na yeye kwa kuazima.

Kula na paka si vizuri. Kushona bila mtu wa kumvalisha nako si vizuri.

Warda


Kilwa Kivinje,
4 Desemba 2024

Warda,

Marahaba, na ile niliyokunyima nilipokuwa na hasira.

Jana nilimwona Ahmadi amesimama ukingoni, upande wetu. Ilikuwa zamu yako, amechelewa, maji yamekwishapanda. Ana mfuko wa dawa yako mkononi. Akavua makubadhi, akakunja kanzu, akaingia. Yule mwenye mgongo mbovu, Warda, alivuka na maji kifuani, na mfuko kaushika juu ya kichwa. Nilisimama nyuma ya banda la samaki nikiomba asiteleze, na wakati huohuo nikiona wivu kwamba anavuka. Nikajichukia. Kwa hiyo leo nakuandikia yaliyo kweli.

Sikusahau. Niliichagua ile Alhamisi. Nilijua ni maji mafu, nilijua utakuta mchanga mkavu, nilijua utahesabu, kwa sababu Ahmadi alikwishaniambia kwamba unahesabu kila kitu. Mtaro wa Mzee Qutbuddin haunuki. Na vipaza sauti vinaelekea upande wa pili.

Nilitaka usikae kwenye njia ya Ahmadi. Sikutaka kumwona akisimama mlangoni kwako mara tano kwa siku. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikuuwaza mguu wako. Hapana. Niliuwaza. Niliuwaza nikasema, vema, hatakuja mara kwa mara.

Umeweka urithi wa baba yako wote katika nyumba niliyokuchagulia kwa chuki. Ukitaka kumwambia Ahmadi, mwambie. Ukitaka kwenda kwa shehe na barua zangu, nenda, nami sitakana hata neno.

Mwahija


Ng'ambo ya mkondo,
8 Desemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kama ungeniandikia hivi Septemba, sijui ningekujibu nini. Sasa sikiliza na yangu.

Mzee Qutbuddin aliniambia. Ile ile Alhamisi, nimekaa barazani kwake nangoja funguo. Nilimwambia nimetoka kwa Shamte, njia nimeipenda. Akasema, "Mama, njia ile ni ya bahari, sisi tunaiazima tu." Kwa hiyo nilipokuandikia kukuuliza kama iko vile siku zote, nilikwishajua. Nilitaka kuona utanijibu nini. Uliponijibu nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu nilipata mtu wa kumlaumu.

Utauliza kwa nini basi nilinunua. Kutoka baraza ile mlango wako unaonekana. Ahmadi aliniacha pale akasema anakwenda kubadili shati. Nikamtazama. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa goti kama mtu aliyeusukuma miaka yote, akatundika kofia bila kutazama msumari uko wapi. Kisha ukatoka wewe, uliyeniambia uko Miteja, ukampa kikombe cha maji kabla hajaomba. Akanywa. Kwangu Ahmadi bado anapiga hodi, dada. Miaka minne. Ananiuliza chumvi iko wapi.

Nikasema, nikikaa hapa nitaliona hili kila siku mpaka nife. Nikachagua maji. Akili ilinipigia kelele, tasbihi nilikuwa nayo mkononi, hesabu zote zilisema sokoni. Wivu ndio ulioninunulia nyumba. Wewe ulisukuma tu.

Jingine ni hili. Kujua kwamba maji huja nilijua. Saa yake sikuijua, ndiyo maana Jumapili ile yalinikuta. Baada ya hapo nikajifunza. Nina kalenda ya mwezi ukutani. Zile siku zako mbili nilikaanga sambusa saa nane makusudi, nikatia kahawa ya tangawizi, nikamwacha asinzie. Ulisema kweli.

Lakini nimechoka. Kumfungia mtu kwa maji si kupendwa. Akiwa kwangu maji yakijaa, anakaa dirishani anatazama upande wenu. Na siku ile ya dawa aliteleza kidogo, akaniambia ni kidogo, nikaona goti limechubuka. Siku moja mmoja wetu atatuzamishia mume.

Nyumba ya Mzee Qutbuddin bado haijauzwa. Mteja wa hii ninaye, mtu wa Lindi mwenye gari. Kwake barabara ya kuzunguka ni dakika chache. Kwa hiyo nakuuliza tena kuhusu nyumba, na safari hii si kwa kukujaribu: nije, au nibaki?

Warda


Kilwa Kivinje,
16 Desemba 2024

Warda,

Marahaba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natembea. Niliazima tasbihi ya Ahmadi, nikatoka mlangoni kwangu nikihesabu kama wewe, punje kwa hatua kumi. Mpaka baraza ya Mzee Qutbuddin ni punje saba na hatua nne. Nilirudia mara mbili nikitumaini nimekosea. Ni karibu mno. Niliketi pale nikautazama mlango wangu, nikaona ulichokiona. Sikujua kama kinaonekana hivyo kutoka nje. Mimi nilikuwa nikiona mwanamume ananywa maji tu.

Njoo. Mzee Qutbuddin nimekwishamwambia asiiuze kwa mtu mwingine. Sakafu atakutilia saruji kabla hajaondoka, nimembana. Mguu ule si wa kuzunguka barabara kuu.

Usidhani nimepona. Nitatia pazia zito mlangoni kwangu, na wewe tia lako. Rangi ya zambarau usitie, hiyo ni yangu. Akisimama kwako nitasikia, na nitanuna, na utaniona sokoni nimenuna, usiniulize nina nini. Kuhusu hodi, mwambie aache. Asipoacha nitamwambia mimi.

Barua hii sikumpa Ahmadi. Nimeivusha mwenyewe kwa njia ya mchangani, na mlangoni kwako nimeisukumia chini. Nipo barazani. Sauti yako nitaisikia leo, si neno. Ila ukimaliza kusoma fungua haraka, maji yanapanda saa tisa, na leo ni zamu yangu.

Mwahija